Mwamba wa Coco Beach: Hujenga wimbi, humuumiza asiyejua maji

MCHEZO wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, ambao katika nchi nyingi hufahamika kwa jina la sefingi, haujapata mashabiki wengi jijini Dar es Salaam. Wanaoonekana na mbao zao mwambani ni wachache, na kwa mkazi wa Manzese, Tandale au Mbagala aliyefika Coco Beach kupunga upepo na kula mihogo, mchezo huo ni kioja cha kutazama kwa dakika chache kabla ya kuendelea na shughuli zake.

Hata hivyo, maarifa anayohitaji mcheza ubao ili atoke majini akiwa mzima ndiyo yale yale anayohitaji mwogeleaji wa kawaida katika ufuko huo huo. Tofauti ni kwamba mcheza ubao hulazimika kuyatafuta kabla ya kuingia majini, wakati mwogeleaji huingia bila kumuuliza mtu. Maarifa hayo yanahusu mambo matatu: mwamba, upepo na mwezi.

Wimbi linalovunjika ufukweni huwa limezaliwa mbali, mahali ambapo upepo umevuma juu ya bahari kwa saa au siku nyingi. Katika maji ya kina kirefu, maji yenyewe hayasafiri na wimbi. Chupa tupu iliyotupwa huko hupanda na kushuka, ikasogea kidogo tu, huku wimbi likipita chini yake na kuendelea na safari.

Mambo hubadilika wimbi linapokaribia nchi kavu. Sehemu yake ya chini huanza kuhisi sakafu ya bahari na kupunguza mwendo, wakati sehemu ya juu inaendelea mbele. Wimbi hurefuka kwenda juu, hujikunja na hatimaye huanguka. Kwa makadirio ya kawaida, wimbi lenye urefu wa mita moja huvunjika likifika penye maji ya kina cha takriban mita 1.3. Kwa maneno mengine, wimbi linalovunjika kwa kuhisi sakafu limekwisha kutangaza kina cha maji yaliyo chini yake.

Penye mchanga mtupu, sakafu huhamahama. Fungu lililokuwapo mwezi uliopita laweza kuwa limehamia kwingine, na mawimbi nayo hubadili mahali pa kuvunjikia. Mwamba hauhami. Wimbi huja na kuvunjika pale pale, kwa sura ile ile, na kwa kuwa mwamba huinuka ghafla kutoka kilindini, wimbi nalo huanguka kwa ghafla na kwa nguvu zaidi kuliko linalopanda mteremko wa mchanga taratibu. Ndiyo sababu wacheza ubao wa dunia nzima husafiri maelfu ya kilometa kufuata miamba, wakijua fika kwamba chini ya wimbi wanalolifuata kuna jiwe.

Mfano mmoja mashuhuri uko katika mji mdogo wa Thurso, kaskazini kabisa mwa Uskoti, ambako mawimbi kutoka bahari ya kaskazini ya Atlantiki huvunjika juu ya mawe bapa karibu na mdomo wa mto. Kuanzia mwaka 2006 yalifanyika huko, kwa miaka kadhaa, mashindano yaliyowakutanisha wacheza ubao wa kulipwa kutoka mabara mbalimbali. Majira ya baridi, joto la maji ya huko hushuka hadi nyuzi sita au saba za Selsiasi, kiasi ambacho mtu asiye na mavazi maalumu huanza kuishiwa nguvu za mikono katika muda mfupi.

Kilichowawezesha watu kucheza katika maji kama hayo ni suti ya mpira wa neoprini, ambayo mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California aliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wazamiaji wa jeshi la majini la Marekani. Suti zinazovaliwa kaskazini wakati wa baridi huwa na unene wa milimita tano au sita, pamoja na kofia, viatu na glavu.

Dar es Salaam haina tatizo hilo. Joto la bahari yake huwa kati ya nyuzi 25 hivi mwezi Agosti na karibu 30 mwezi Machi, na kaptula inatosha. Lakini suti ile nene ya kaskazini ina faida nyingine isiyosemwa sana: anayeanguka mwambani akiwa ameivaa huchaniwa mpira. Wa Coco Beach huchaniwa ngozi, tena na jiwe lenye makali kuliko yale mawe bapa ya Thurso.

Jiwe hilo ni mabaki ya matumbawe ya kale yaliyoota zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati usawa wa bahari ulipokuwa juu kuliko sasa. Ndilo linaloonekana katika magenge ya Oysterbay na ndilo linaloendelea chini ya maji kama sakafu pana yenye mashimo na ncha. Mbele ya sakafu hiyo, kuelekea kilindini, ndipo wanapopatikana matumbawe hai, pamoja na wale viumbe weusi wenye miiba mirefu ambao kila mvuvi wa Msasani amewahi kuwakanyaga walau mara moja.

Ufuko wa Coco Beach uko upande wa mashariki wa rasi ya Msasani, ukiikabili bahari wazi. Ghuba ya Msasani na ufuko wa Kunduchi, kwa upande wa kaskazini, vina kinga ya visiwa vya Bongoyo, Pangavini, Mbudya na Fungu Yasini, na maji yake huwa matulivu zaidi. Upande wa kusini wa mlango wa bandari, katika Kigamboni ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Temeke kabla ya kuwa wilaya yenyewe, visiwa vya Sinda hutoa kinga kwa eneo la Mjimwema, lakini kadiri mtu anavyokwenda kusini kuelekea Kimbiji ndivyo pwani inavyobaki wazi na ndivyo mawimbi yanavyokuwa mazito.

Ukubwa wa mawimbi hayo hufuata misimu ya pepo ambayo mabaharia wa pwani wameitumia kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Kusi, yenye nguvu zaidi, hutawala kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na hufikia kilele kati ya Juni na Agosti. Katikati ya misimu hiyo ni tanga mbili, kipindi cha maleleji, ambapo upepo hauna mwelekeo maalumu na bahari huweza kulala kwa siku kadhaa.

Msimu wa kusi ndio wenye mawimbi ya kutosha kubeba ubao katika pwani ya jiji. Tatizo ni kwamba upepo ule ule unaoyaleta ndio unaoyavuruga: ukivuma moja kwa moja kuelekea nchi kavu, uso wa wimbi hupasuka kabla halijafika mwambani. Wanaoujua mchezo huamka alfajiri, wakati upepo wa nchi kavu, ambao mabaharia huuita umande, unapovuma kuelekea baharini na kuulainisha uso wa maji.

Kuamka alfajiri peke yake hakusaidii iwapo maji yamepwa. Hapa ndipo Dar es Salaam inapotofautiana na miamba mingi yenye sifa duniani. Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 ilipeleka mashindano ya ubao Teahupo'o, katika kisiwa cha Tahiti, juu ya mwamba wa matumbawe unaohesabiwa kuwa miongoni mwa ile ya hatari zaidi. (Mchezo huo uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Tokyo ya 2020, iliyofanyika 2021.) Lakini Tahiti maji hupanda na kushuka kwa sentimeta 30 hivi tu. Aliyeujua mwamba asubuhi ataukuta jioni ukiwa karibu na hali ile ile.

Katika pwani ya Dar es Salaam, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita tatu. Hiyo ni zaidi ya kimo cha mlango wa nyumba. Mwamba ambao saa 10 jioni umefunikwa kabisa huwa mkavu saa 4 au 5 asubuhi, na akina mama hutembea juu yake wakichokoa pweza. Wakati wa maji mafu, tofauti hiyo hupungua hadi kiasi cha mita moja.

Kwa hiyo mcheza ubao ana nafasi finyu. Maji yakiwa machache, wimbi huvunjika juu ya jiwe tupu. Yakijaa mno, wimbi dogo hupita juu ya mwamba bila kuvunjika na kwenda kuishia kwenye mchanga. Hubaki saa chache kabla na baada ya maji kujaa, nazo hazifanani siku hadi siku, kwa sababu kila siku maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana yake.

Ratiba hiyo inaongozwa na mwezi, na kwa wakazi wa jiji ina jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Iddi el-Fitri husherehekewa mwezi unapoandama. Ina maana kwamba, mwaka hadi mwaka, sikukuu ambayo huwajaza watu Coco Beach na Kigamboni kuliko siku nyingi nyingine huangukia wakati maji yanapopanda na kushuka kwa nguvu zake zote. Pasaka nayo huhesabiwa kwa mwezi, ikiwa ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu, na ipo miaka inapoangukia katikati ya bamvua.

Ratiba ya siku kama hiyo inajulikana mapema. Maji hupwa kabisa karibu saa 5 asubuhi. Familia zinazofika mapema hukuta mwamba uko wazi, na watoto hutembea hadi ukingoni kutafuta kaa na makombe. Saa tatu baadaye, pale walipopita kwa miguu maji huwa yamemfika mtu kifuani. Kati ya saa 10 na saa 11 jioni, wakati umati umefikia kilele, maji hujaa pomoni na ufuko hubaki ukanda mwembamba. Kisha huanza kutoka. Mwendo wake huwa mdogo katika saa ya kwanza, halafu huongezeka, na giza linapoingia vijana wengi bado wamo majini huku bahari ikizidi kurudi kilindini.

Maji hayo hayatoki kwa usawa. Yale yaliyosukumwa na mawimbi kupita juu ya mwamba hutafuta milango, yaani mapengo yaliyo kati ya mwamba na mwamba, na hupita hapo kama mto. Mlango huo ni wa kina kirefu, hivyo mawimbi hayavunjiki ndani yake, na kwa mtazamaji aliye ufukweni huonekana kama sehemu tulivu kuliko zote. Asiyejua huichagua kwa sababu hiyo hiyo. Mcheza ubao naye huichagua, lakini kwa makusudi: huutumia mkondo huo kama barabara ya kumpeleka nje bila kupigana na mawimbi.

Aliyenaswa na mkondo huo asijaribu kuogelea moja kwa moja kurudi ufukweni. Hata mwogeleaji hodari hushindwa, na wengi huzama kwa kuishiwa nguvu. Inampasa kutulia, kuelea, na kuogelea kwa kufuata urefu wa pwani, kushoto au kulia, hadi atoke kwenye ukanda huo mwembamba. Baada ya hapo mawimbi yenyewe humsaidia kurudi. Anayemwona mwenzake akichukuliwa amtupie kitu kinachoelea, liwe dumu tupu la mafuta au tairi la ndani la gari, badala ya kumrukia.

Kuhusu kuanguka, wanaofundisha mchezo huo wana kanuni moja isiyo na msamaha, nayo ni kutotanguliza kichwa. Anayeangushwa na wimbi juu ya mwamba hujitandaza ili asizame sana, huficha kichwa kwa mikono miwili, na hatafuti kusimama hadi awe na uhakika wa kina. Kupiga mbizi kwa kutanguliza kichwa penye maji mafupi ni njia ya haraka ya kuvunja shingo, na hilo halihitaji ubao wala wimbi. Magenge ya Oysterbay ambayo vijana hujirusha kutoka juu yake maji yanapojaa, saa mbili tatu baadaye huwa na jiwe pale walipokuwa wakitua.

Jeraha la matumbawe, hata likiwa dogo, halipaswi kudharauliwa. Vipande vidogo mno hubaki ndani ya ngozi na kidonda huchelewa kupona. Lioshwe kwa maji safi na sabuni, vipande viondolewe, na ambaye hakumbuki mara ya mwisho kuchanjwa dhidi ya pepopunda aende kituo cha afya.

Bahari pia ina siku zake ambazo haziko katika ratiba yoyote. Desemba 26, 2004, Jumapili iliyofuata Krismasi, mawimbi ya tsunami yaliyoanzia kwenye tetemeko la Sumatra yalivuka Bahari ya Hindi na kufika Afrika Mashariki baada ya saa nyingi. Watu wasiopungua 10 walipoteza maisha nchini Tanzania, baadhi yao wakiwa waogeleaji jijini Dar es Salaam. Bahari inayorudi nyuma ghafla, au kujaa na kupwa mara kadhaa ndani ya saa moja, ni dalili ya kukimbilia mahali pa juu na si nafasi ya kuokota samaki.

Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoisogelea pwani na kutua Mafia, onyo lilitolewa mapema na vyombo vya usafiri wa baharini vikasimamishwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa kila inapobidi, na tahadhari inayotaja mawimbi ya mita mbili inamhusu mwogeleaji wa Coco Beach sawa na inavyomhusu nahodha wa jahazi.

Mwamba wenyewe, pamoja na ukali wake, ndio ulinzi wa kwanza wa jiji. Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa miamba ya matumbawe hupunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97 kabla hayajafika pwani. Wimbi analolifurahia mcheza ubao ni nguvu hiyo ikimalizwa mbali na kuta za nyumba.

Ulinzi huo umepata hasara. Uvuvi wa baruti uliota mizizi katika pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1960, na licha ya kupigwa marufuku na sheria ya uvuvi ya mwaka 1970, uliendelea kwa vipindi tofauti kwa miongo kadhaa. Mlipuko mmoja husaga kwa sekunde kile ambacho matumbawe mazito hukijenga kwa kiasi cha sentimeta moja kwa mwaka. Joto la bahari la mwaka 1998, na tena la 2016, liliyafanya matumbawe ya ukanda huu kupauka, na mengi yakafa. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975, na sehemu ya matumbawe yaliyosalia karibu na jiji iko huko.

Nini hutokea bahari inapopata njia? Abiria wa daladala wa barabara ya Bagamoyo hulitaja jibu kila siku bila kujua wanapomwambia kondakta awashushe Africana. Jina hilo ni la hoteli ya kitalii iliyokuwa ufukweni, ambayo ardhi yake ililiwa na mawimbi. Uchimbaji wa mchanga katika mito inayoshuka baharini ulichangia kwa sehemu kubwa kuharibu fukwe za ukanda ule wa Kunduchi.

Kwa anayetaka kujifunza mchezo wenyewe, penye mchanga na maji ya kiunoni ndipo pa kuanzia, si mwambani. Ubao mrefu na mpana, wenye uso laini, humbeba mwanafunzi vizuri kuliko ubao mfupi unaovutia macho. Kamba ya kifundo cha mguu ni ya lazima, kwa kuwa ubao uliomponyoka mwenyewe humgonga mwingine. Aliye karibu zaidi na sehemu inayovunjika ndiye mwenye haki ya wimbi, na wengine humpisha. Wanaopenda upepo kuliko wimbi hutumia ubao unaovutwa na kishada, mchezo ambao umekwisha kuifanya Paje, mashariki mwa Unguja, kuwa na wageni karibu mwaka mzima.

Nyakati za maji kujaa na kupwa huweza kupatikana katika majedwali ya bandari. Wasio nayo hutazama mwezi, kama wafanyavyo wavuvi wa Kunduchi na Kigamboni. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa saa 4 hivi, asubuhi na usiku. Kwa kila siku inayopita huongezwa dakika 50. Mwezi ukifika nusu, siku saba baadaye, mambo huwa yamegeuka: maji hujaa saa 4 asubuhi, na jioni mwamba huanza kuonekana.